Mguu Uliokunjwa kwa Heshima

Jumatatu ile Kokuberwa alizungusha unyuzi wa mgomba kwenye kigimbi cha Jovitha, akatazama fundo lilipoangukia, akautupa unyuzi mezani kama aliyeshika kaa la moto. Mguu ulikuwa umerudi. Tena haukurudi kidogo. Ulirudi wote, na nyongeza juu.

"Umefanya nini na mguu wangu?" akauliza.

Jovitha, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, akainamisha kichwa, akamjibu kwa neno la heshima. "Ni mguu wangu, waitu."

"Ni wako ukiwa nyumbani kwako. Ukifungwa na mikono hii, ni wangu. Nijibu."

"Nimefanya kama ulivyosema."

"Unauosha kwa sabuni kila siku?"

"Ndiyo waitu."

"Unakausha katikati ya vidole?"

"Ndiyo waitu."

"Unauinua juu ukipumzika?"

"Ndiyo waitu."

Kokuberwa akauma meno. Ndiyo ya mkamwana, aliyezoea kuwaitikia wakwe, haina mfupa ndani yake. Unaweza kuikunja upande wowote.

Hayo yalikuwa mwaka 1954, katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Muleba. Kokuberwa alikuwa na miaka arobaini na kitu, na kazi yake kwa jina ilikuwa kuosha vidonda na kufua bendeji. Alizaliwa Maruku, akaolewa, akakaa na mume miaka sita bila mtoto, na mume alipoleta mke wa pili yeye akabeba mkeka wake akaondoka bila kungoja kufukuzwa. Hospitalini alianza na ufagio. Kusoma hakujua, ila nyimbo za kanisani alizokwisha kuzishika moyoni, na jina lake aliweza kuliandika ukimpa nafasi ya kutosha.

Lakini kufunga mguu uliovimba alikujua kuliko yeyote katika kilima kile, na alikujua kwa njia isiyo ya darasa. Alikuwapo Sista mmoja wa Kizungu, mrefu, ambaye mguu wake wa kulia ulivimba tangu homa aliyoipata ujanani. Kila asubuhi kabla ya kengele Sista alilala chali, mguu juu ya mito, na Kokuberwa alimfunga bendeji kuanzia vidoleni kupanda hadi gotini, chini ikaze, juu ilegee. Miaka minne, kila asubuhi. Akikosea kidogo Sista alimpiga kofi mkononi na kusema, "Tena." Sista alipozeeka akarudi kwao, na bendeji zake za kuvutika akamwachia Kokuberwa, sita kwa hesabu, zikafuliwa hata zikawa rangi ya majivu.

Ndiyo maana siku Jovitha alipoletwa mara ya kwanza, Kokuberwa hakuweza kunyamaza.

Mguu wa Jovitha ulianza kuvimba miaka miwili nyuma, msimu wa senene, alipotoka alfajiri na wanawake wenzake kuokota kwenye majani yenye umande, peku, akachomwa na kijiti katikati ya vidole. Kidonda kikapona, homa ikaja, homa ikaenda, mguu ukabaki mnene. Kila homa iliporudi iliuacha mguu umeongezeka. Dresa, msaidizi wa daktari hospitalini, alikuwa kijana aitwaye Bartholomayo, mwenye cheti na kalamu mbili mfukoni. Aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki, akasema, "Usaha umo ndani. Tutapasua."

"Usaha una moto," Kokuberwa akasema, beseni mkononi. "Gusa. Mguu huu umepoa kama ukuta."

"Basi ni figo."

"Figo huvimbisha miguu yote miwili, na macho asubuhi. Mwenzake huu hapa, mwembamba kama wa mbuzi."

Jovitha akacheka, kisha akaziba mdomo.

Kokuberwa akaweka beseni chini, akainama, akajaribu kufinya ngozi juu ya kidole cha pili cha mguu ule, pale kinapoanzia. Haikukamatika. Akafinya cha mguu mzima, ngozi ikainuka kama kitambaa. "Ukiona ngozi ya hapa haikamatiki, maji yamekosa njia ya kurudi juu. Hayatoki kwa kisu. Ukipasua unafungua mlango wa homa."

"Kitabu gani kimeandika hivyo, Bibi?"

"Mguu wa Sista."

Bartholomayo akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Siku hizi ufagio nao umekuwa daktari!"

Bahati daktari mkubwa alikuwa amekuja siku ile kutoka Bukoba kwa ziara yake ya mwezi. Alisikiliza, akafinya kidole mwenyewe, akafikiri. Akasema, "Mpeni mgonjwa huyu majuma nane. Mguu ukipungua, ataendelea. Usipopungua, kitanda na bendeji apewe mwingine."

Majuma mawili ya kwanza Jovitha alilala wodini mguu juu, na unyuzi wa Kokuberwa, uliofungwa fundo kila Jumatatu pale ncha zilipokutana, ulionyesha mguu unapungua kwa upana wa vidole vitatu. Kokuberwa akatembea wodini shingo juu. Halafu wakamrudisha Jovitha nyumbani, awe anakuja kila Jumatatu, na tangu hapo kila fundo lilikuwa nje ya fundo lililotangulia. Sasa lilibaki juma moja.

Na juma lile moja lilikuwa na uzito usioandikwa kwenye kadi. Baba mkwe wake Jovitha, mzee Karugendo, alikwisha sema mbele ya watu kwamba matende yameingia nyumba yake kwa mlango wa ndoa, na kwamba mwanawe Josia akirudi kwa Krismasi kutoka kisiwa cha Goziba alikokuwa akivua samaki, mwanamke yule atarudishwa kwao. Jovitha alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto angebaki. Mtoto ni wa ukoo wa baba.

"Bibi," Bartholomayo akasema akipita mlangoni Jumatatu ile, "unyuzi wako utakuishia. Tukuletee kamba ya kufungia ng'ombe?"

Kokuberwa aliinamia kigimbi. Alikuwa anautazama ule mguu. Chini ya goti, kwa upande wa nyuma, palikuwa na mstari mwembamba uliobonyea, kama alama ya pete kwenye kidole kilichonenepa. Akataka kuuliza. Akaona atajibiwa ndiyo waitu. Akaufunga tena bendeji.

Alhamisi akavua aproni, akaenda mwenyewe, bila kutuma neno.

Ni mwendo wa saa mbili, kupanda na kushuka, vibanja vya migomba huku na huku. Alifika jua limeanza kulegea. Nyumba ya Karugendo ilikuwa mpya, ya bati, maana kahawa miaka ile ilikuwa inawapa watu bati, lakini ndani sakafu ilitandikwa majani kama desturi, na kiti cha mzee kilielekea mlango, ili amwone kila aingiaye.

Na alichokiona Kokuberwa kilimchoma. Jovitha alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kile, akimimina pombe ya rubisi kwenye kibuyu cha mzee. Alipomaliza hakuondoka. Akakaa palepale kwenye majani, kama mkamwana mwenye adabu anavyokaa, miguu yote miwili imekunjwa chini yake na nguo imeifunika, akingoja mzee anywe, ili amwongezee.

Kokuberwa alitaka kupiga kelele tangu mlangoni. Lakini yeye naye alilelewa. Akapiga magoti, akasalimu. Karugendo akaitikia. Akaulizwa habari za hospitali, akajibu. Akaulizwa habari za Maruku, za nduguze, za mvua, za migomba ya kule. Akaletewa kahawa ya kutafuna, akatafuna. Na muda wote huo mguu umekunjwa, maji yanashuka, yeye anayaona kama unavyoona chungu kinafurika na mikono yako imefungwa.

"Tata, baba yangu," akasema mwishowe, "nimekuja kuutazama mguu."

"Utazame," Karugendo akasema. "Hospitali imeutazama miezi miwili. Na wewe utazame."

Wakaenda chumba cha pili, mlango wazi, pazia la kitenge katikati. Mama mkwe, Theopista, akawafuata akijifuta maganda ya ndizi mikononi. Kokuberwa akamlaza Jovitha, akafungua bendeji. Bendeji ilikuwa safi. Katikati ya vidole palikuwa pakavu. Hata harufu haikuwapo. Akashangaa. Akafungua mpaka gotini, na pale, chini kidogo ya goti, ndani ya bendeji, akakuta kamba ya mgomba, imesokotwa vizuri, imezungushwa mara tatu, imekazwa hata imezama nyamani.

"Nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilipokuwa ndogo ndipo watu wa wodini walipoiogopa. "Nani mchawi aliyefanya hivi?"

"Ni mimi," Theopista akasema.

"Wewe! Mama mtu mzima! Unamnyonga mtoto wa watu kwa mguu?"

"Namnyonga?" Theopista akaweka mikono kiunoni. "Mimi ninayeamka kabla ya jogoo kumchemshia maji? Mimi ninayemkausha vidole kimoja kimoja kama mtoto mchanga? Uvimbe ukipanda ukafika moyoni, mtu amekwisha, kila mtu anajua. Nimeukatia njia. Wewe ulidhani usingepanda wenyewe?"

"Unatakiwa kupanda!"

"Upande umuue?"

"Maji yapande, mama! Yarudi juu, yatoke mguuni! Wewe umefunga mlango maji yakiwa ndani!" Akaikata kamba kwa wembe wake, na Jovitha akatoa pumzi ndefu kama aliyeshushiwa mtungi. "Nilikuonyesha! Siku anatoka wodini nilikuonyesha kwa mikono yangu!"

"Ulinionyesha," Theopista akasema. "Ulifunga mbio mbio kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Ukasema, 'Umeona? Si umeona?' Ningesema nini mbele ya watu wote wale na yule kijana wa kalamu mbili? Nikasema nimeona. Niliona chini unakaza. Niliona juu unalegeza, nikasema labda amesahau, nitamsaidia nikifika nyumbani. Na kila Jumatatu kabla ya kuja kwako naifungua kamba, nisikuaibishe."

Kokuberwa akaitazama kamba aliyoikata.

Ilikuwa kweli. Aliikumbuka siku ile. Kengele ilikuwa imelia, Bartholomayo alisimama mlangoni, naye alitaka kuonekana ana mkono mwepesi. Sista hakujifunga mguu mbele yake hata mara moja ili yeye aone. Alimpa bendeji tangu siku ya kwanza, akasema funga, akamkosoa mpaka mikono ikajua yenyewe. Na yeye, aliyefundishwa hivyo, alimfundisha mwenzake kwa macho tu. Majuma sita ya mguu wa watu yameharibika kwa sababu ya dakika mbili za maringo yake. Kusema hivyo kwa sauti ilikuwa kumeza jiwe.

"Nilikosa," akasema, na akalisema kwa ukali, kama anamshitaki mtu mwingine. "Shika."

Akampa Theopista bendeji.

"Mimi?"

"Nani mwingine yumo humu? Anza vidoleni. Hapo. Kaza. Si hivyo, huyu si mzigo wa kuni. Zungusha, nusu ifunike nusu. Ukipanda, legeza kidogo. Kidogo, mama! Ukifika gotini, kidole chako kipite chini ya bendeji. Hakipiti? Fungua. Tena."

Theopista akafungua. Akafunga. Mara ya pili ikawa na mikunjo kisiginoni. Tena. Jasho likamtoka. "Umeniita mchawi," akanung'unika, "sasa umenifanya mwanafunzi."

"Mae, unakaza vizuri kuliko yeye," Jovitha akamwambia mama mkwe kwa chini.

"Nyamaza," wote wawili wakasema.

Ya tatu ikakaa. Kokuberwa akapitisha kidole, kikapita. Hakusifu. "Sasa mguu ukae juu. Si usiku peke yake. Mchana pia, kila akimaliza kazi, mguu uwe juu kuliko kiuno. Na hiyo ya kuukunja chini yake saa nzima, iishe leo."

Hapo pazia likavutwa. Karugendo alikuwa amesikia yote, kama alivyokusudia kusikia.

"Iishe?" akasema. "Mkamwana wangu anyooshe mguu mbele yangu? Unyayo wake unitazame usoni nikinywa, na wageni wangu wamo? Hata wewe, mama wa hospitali, ungefanya hivyo kwa baba mkwe wako?"

Kokuberwa hakuweza kusema ndiyo. Hakuwahi. Miaka sita alikunja miguu kwenye majani ya nyumba ya watu.

"Tata, asikae mbele yako. Akuletee, aondoke."

"Watasema nimeoza, hata mkamwana hapendi kukaa nami." Akageukia mguu, akautazama kwa mara ya kwanza bila kukwepa. "Niambie neno moja tu, mimi si mtu wa maneno mengi. Nikikubali upuuzi huu, utapona lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia. Jovitha alikuwa anamtazama. Angeweza kusema Pasaka. Angeweza kusema Mungu anajua, kila mtu husema hivyo na hakuna anayerudi kumdai.

"Hauponi," akasema.

Nje mtoto alikuwa anafukuza mbuzi.

"Utapungua. Atatembea, atalima, atabeba maji, homa itakuwa mbali. Lakini akiacha kuuosha na kuufunga, utarudi. Kila siku, mpaka anazeeka. Hauponi, unatunzwa."

"Basi kazi yako ni nini?" Karugendo akauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza. "Dawa isiyoponya ni dawa gani? Josia anakuja. Nimekwisha sema. Arudi kwao, wamtunze wao."

Jovitha hakulia. Macho yake yalikwenda mlangoni, kwenye sauti ya mtoto.

Aliyesema ni Theopista. Alikuwa bado amepiga magoti kitandani, bendeji ya ziada mkononi. "Mguu huu nimeuharibu mimi," akasema. "Majuma sita nimeufunga kamba kwa mikono yangu. Ukimrudisha kwao kwa sababu ya mguu, nirudishe na mimi kwetu, maana kosa ni langu. Na utafute wa kukupikia rubisi."

"Theopista!"

"Nimesema. Na mimi si mtu wa maneno mengi."

Karugendo akawatazama wanawake watatu. Ndipo Jovitha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alisema, "Tata, unisamehe," akainuka, akaenda chumba cha mbele, akachukua kinu cha kutwangia, akakipindua, akakaa kwenye majani na kuweka kisigino chake juu ya kinu kile, mguu umenyooka kuelekea kiti cha mzee. Nguo aliishika vizuri. Lakini mguu aliuacha pale.

Mzee aliutazama unyayo ule. Kisha akachukua kibuyu chake kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, akatoka nje, akakiweka chini ya upenu wa bati.

"Ndani kuna moshi," akasema, ingawa moto ulikuwa jikoni, nyumba nyingine.

Hakusema tena habari ya kurudisha mtu, wala siku ile wala Josia alipofika. Na kiti hakikurudi ndani. Wageni walipouliza, aliwaambia habari ya moshi.

Kokuberwa akashuka kilima akinung'unika njia nzima. Hakufurahi. Alihesabu majuma sita, akayahesabu tena.

Jumatatu ya nane mguu ulikuwa umepungua kwa upana wa kidole kimoja ndani ya fundo lililotangulia. Bartholomayo akaupima kwa utepe wake mwenyewe, mara mbili, akakohoa, akafungua daftari kubwa.

"Umeandika nini?" Kokuberwa akauliza.

"Amepona."

"Futa. Hajapona."

"Nikiandika hajapona, daktari atasema dawa yako imeshindwa."

"Andika anatunzwa."

"Bibi, angalia." Akamwonyesha mistari kwa kalamu, ingawa alijua hasomi. "Hapa ni amepona. Hapa hajapona. Hapa amekufa. Hakuna penginepo. Unataka nimweke wapi?"

Kokuberwa akautazama ule ukurasa na mistari yake mitatu. Akaona hakuna njia. Akaondoka akiburuza beseni kwa makusudi, lipige kelele.

Kwa kuwa daftarini alikuwa amepona, Jovitha hakupewa kadi tena wala zamu kwenye benchi. Basi Jumatatu zilizofuata, yeye na Theopista walipita nyuma, penye kamba za kuanikia nguo, wakakaa kwenye gogo kati ya mashuka yaliyolowa. Kokuberwa alikuja na bendeji za Sista chini ya aproni. Hakuwafunga. Alisimama tu, mikono kifuani, akitazama vidole vya wenzake.

"Kisigino kimekunjamana," alisema. "Tena."